Binti kapata chuo Ujerumani, fedha zianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Binti yangu amepata nafasi ya shahada ya uzamili Ujerumani, masomo yanaanza Oktoba. Barua inasema hakuna ada, lakini ananiambia lazima tuweke zaidi ya euro elfu kumi na moja kwenye akaunti kabla ya viza. Kama ada hakuna, hizo za nini? Na nizikusanyeje, wakati mbalamwezi ikitoka hatuna mzigo?
*Mama wa Kirumba, Mwanza*

JIBU: Njema mama, na hongereni. Hizo ni fedha za binti za kula, kulala na bima kwa mwaka mmoja, na Ujerumani inataka izione kabla ya kutoa viza. Kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni euro 11,904. Akaunti yenyewe huitwa Sperrkonto: fedha ni zake, ila hawezi kuchota zaidi ya euro 992 kwa mwezi. Hilo la "hakuna ada" nalo lisomeni vizuri. Vyuo vya umma vya jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Na popote pale kuna mchango wa muhula, mara nyingi kati ya euro 100 na 400, na asipoulipa hasajiliwi.

Kinachowakwamisha wazazi wengi ni tarehe. Masomo ni Oktoba, lakini uthibitisho wa akaunti unatakiwa kwenye maombi ya viza, na viza huweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi. Jipangieni fedha zote ziwe zimefika Mei au Juni. Wewe unayeuza wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambapo dagaa hupatikana, hesabu giza zilizobaki kabla ya Mei, kisha gawa deni kwa hizo. Ukihesabu kwa miezi kama mwenye mshahara utajidanganya.

Fungua akaunti ya euro hapo mjini. Kila giza likiisha, ukishawalipa wenye mitumbwi na vibarua wa kuanika, nunua euro kwa kilichobaki. Sababu ni hii: tuseme euro moja ni shilingi 3,000, kwa mfano tu. Euro 11,904 zote ni shilingi 35,712,000. Euro ikipanda shilingi 150 tu wakati unangoja fedha zitimie, umeongezewa 1,785,600. Tena usipige hesabu kwa bei ya wastani inayotajwa redioni; tumia bei ambayo benki yako inakuuzia, ambayo huwa juu zaidi.

Siku ya kutuma, mambo matatu ndiyo huharibu. Kwanza, benki za katikati hukata chao njiani, fedha zikafika pungufu, na benki au kampuni inayotunza akaunti ya Ujerumani haitoi uthibitisho mpaka zitimie. Iambie benki gharama zote zibebwe na mtumaji, na bado ongeza euro 50 hadi 100, pamoja na ada ya kufungua akaunti hiyo. Pili, namba ya kumbukumbu ikikosewa, fedha hukaa hewani. Tatu, benki itataka kujua fedha zinakwenda wapi: beba barua ya chuo, nakala ya pasipoti ya binti na maelekezo ya akaunti.

Kisha kuna mwezi wa kwanza, na hapa ndipo watoto huteseka. Euro 992 hazifunguki mpaka awe na akaunti ya kawaida ya benki huko, na mara nyingi hiyo hutaka awe ameandikisha anuani ya makazi. Wakati huohuo mwenye nyumba anataka amana, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, bila gharama za joto na maji. Kwa hiyo awe na euro 1,500 hivi pembeni, nje ya zile 11,904. Ajiombee chumba cha hosteli za wanafunzi siku ileile anayopokea barua ya chuo, maana foleni ni ndefu. Mjini München, chumba cha kawaida hupita euro 700 kwa urahisi. Hapo 992 haitoshi, na bora mjue leo. Bima ya afya ya mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 ni kama euro 140 hadi 150 kwa mwezi. Ada ya televisheni na redio, euro 18.36 kwa mwezi, hutozwa kwa nyumba nzima, awe na televisheni au asiwe nayo. Wanaoishi pamoja wachangie.

Ongezeni euro 75 za viza, nauli ya kwenda ubalozini Dar na malazi ya siku mbili tatu. Na mwaka wa pili, akienda kuongeza kibali cha kuishi, ataulizwa tena fedha za kujikimu. Yaani ukimaliza kujaza akaunti, giza linalofuata unaanza upya.

SWALI: Kijana wangu anakwenda Uingereza, uzamili wa mwaka mmoja. Nimepanga kupokea mchezo (fedha tunazochangiana kwa zamu) kwa kijumbe anayezikusanya, niweke benki, nichapishe taarifa ya akaunti, kisha nirudishe. Itapita?
*Baba wa Musoma*

JIBU: Haitapita. Fedha lazima zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki isizidi siku 31 kufikia siku ya maombi. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 2025, ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London na 1,529 ndani yake, kwa miezi isiyozidi tisa. Nje ya London hiyo ni pauni 10,539, juu ya ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki. Akaunti iwe ya mwanafunzi au ya mzazi; ikiwa ya mzazi, ambatisheni cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Ya mjomba haikubaliwi, hata kama ndiye anayelipa; awahi kuzihamishia fedha kwenye akaunti yenu. Mchango wa afya, wa kutibiwa huko, hulipwa wote mwanzoni, wakati wa kuomba viza: pauni 776 kwa mwaka, na kwa uzamili wa mwaka mmoja, ambao viza yake huzidi mwaka, hufika 1,164. Kipimo cha kifua kikuu nacho hufanyika Dar, kwa hiyo tengeni nauli yake.

SWALI: Nikifika, si nitafanya kazi nijilipie?
*Msomaji, Nansio, Ukerewe*

JIBU: Usiiweke kwenye bajeti ya muhula wa kwanza. Ujerumani unaruhusiwa siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Uingereza kwa kawaida ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ujerumani kima cha chini mwaka 2026 ni euro 13.90 kwa saa, lakini kabla ya mshahara wa kwanza unahitaji namba ya kodi, akaunti ya benki na, kwa kazi nyingi, Kijerumani cha kuelewana na bosi.