Mkeo hakumkimbia mbwa

Barua ya wiki hii imetoka Kinyerezi. Msomaji anayejiita Baba Wawili amenunua mbwa aina ya Husky, wale wenye macho ya buluu, kwa ajili ya ulinzi, maana wezi wamezidi mtaani kwao. Watoto, wa miaka 4 na 7, wamefurahi. Tatizo ni mke: "hapendi wanyama", "ana ushamba fulani", na hii ni wiki ya tatu yuko kwao Lushoto, aliaga kuwa anakwenda kumsalimia mama. Anauliza: "Shangazi, nimuuze mbwa au nisubiri mke ajirudi mwenyewe?"

Pole, mwanangu. Kulala peke yako si mchezo. Pole yangu inaishia hapo.

Unasema mkeo hapendi wanyama. Mistari michache chini yake unalalamika kwamba tangu aondoke mbwa hali vizuri, kwa kuwa "yeye ndiye aliyejua kumpikia". Sasa asiyependa wanyama ndiye aliyekuwa akimsongea mbwa ugali na kumchambulia dagaa? Wewe unatoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni, unarudi watoto wamelala. Kinyesi kilikuwa kinazolewa na nani? Hata dada yako aliyekuja kukusaidia watoto umeandika "naye ameanza kununa". Wanawake wawili wamenuna ndani ya nyumba moja na bado unatafuta kosa Lushoto.

Halafu ukachomekea, kama jambo dogo, kwamba joto lilipozidi ulihamisha feni ya chumbani ukamwekea mbwa barazani. Mwezi wa pili, Dar es Salaam hii! Mimi ningeondoka usiku uleule, wala nisingemsingizia mama yangu salamu.

Tuje kwa mbwa mwenyewe. Husky asili yake ni Siberia, mbwa wa kuvuta sleji, mkokoteni usio na magurudumu, kwenye theluji. Manyoya yake ni tabaka mbili, na lile la chini ni zito, la kuzuia baridi. Kule kuhema mchana kutwa ulimi nje unakokuita "kuzoea hali ya hewa" ni mateso, na joto likimzidi anakufa. Anataka kukimbizwa kila siku. Akikosa, anachimba uwanja, anatafuna viatu, anaparamia ukuta atoroke. Na ulinzi? Husky anajulikana kwa urafiki na kila mtu. Mwizi wako atapokewa kwa mkia. Tuseme ukweli, hukununua mlinzi. Umeandika mwenyewe kwamba bosi wako wa Mbezi Beach anaye. Bosi ana uwanja, ana kijana wa kumtembeza, ana kiyoyozi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kama shida ni wezi, mbwa wetu wa kienyeji angekutosha. Manyoya mafupi, joto amezaliwa nalo, na geti likiguswa tu mtaa mzima unajua. Mtoto wa mbwa huchukuliwa akishatimiza wiki 8, baada ya kumwona mama yake ana tabia gani. Anapewa dawa ya minyoo, na akifika miezi mitatu anachanjwa kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Barua yako imetaja bei ya huyo Husky mara kadhaa. Chanjo haimo. Kampeleke wiki hii! Mtoto aking'atwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dalili za ugonjwa ule zikishaanza hakuna dawa ya kumrudisha mtu.

Ndoa za siku hizi zinaumwa sapraizi. Huyu analeta mbwa, yule analeta friji ya mkopo, kila mmoja anasubiri kupigiwa makofi. Wazazi wetu hata kuku walijadiliana, kwa sababu kuna mtu wa kuamka kufungua banda. Mbwa huyu anaweza kuishi miaka 12 na zaidi. Huyo wako wa miaka 7 atakuwa ameshamaliza sekondari. Umempangia mwenzako kazi ya miaka yote hiyo bila kumuuliza, kisha unamwita mshamba. Mshamba ni anayefuga mbwa wa theluji Kinyerezi.

Mbwa usimuuze kwa yeyote mwenye hela. Mtafutie mtu mwenye nafasi na muda, sehemu za baridi, Arusha au Iringa. Lushoto nako kuna baridi, lakini usithubutu kumtwisha baba mkwe. Kwa sasa mpe kivuli na maji ya kutosha, mtembeze alfajiri na usiku, wala usimnyoe ukidhani unampunguzia joto.

Na mke "ajirudi" kwa kosa lipi? Jumamosi panda basi, wewe mwenyewe, na kitu cha mama mkwe mkononi, maana mkono mtupu haulambwi. Omba radhi mama yake akiwepo. Mkirudi, yeye ndiye aseme kama nyumba yenu inataka mbwa. Akisema hapana, nunua kufuli la maana na taa ya nje.