Ekzosi ya kromu ikigeuka bluu, usikimbilie kuisugua

Pikipiki ikiwa mpya ekzosi ya kromu inang'aa mpaka unajiona uso, halafu baada ya muda pale kwenye kona bomba linapotokea kwa injini panaanza umanjano, panakuwa kahawia, mwisho zambarau na bluu, na hapo ndipo watu wanaanza kuambiana steji ati umeuziwa kromu feki. Si feki. Kromu ikipigwa na moto mwingi inashikana na oksijeni ya hewani inafanya utando mwembamba sana juu yake, na mwanga ukipita kwenye ule utando ndio unaona zile rangi, ni kama mafuta yakielea juu ya maji ya mvua barabarani. Moto ukizidi utando unanenepa, na rangi inasonga kutoka manjano kwenda bluu.

Kidogo pale karibu na kichwa cha injini ni kawaida kabisa, hasa hizi pikipiki zetu ndogo ambazo bomba ni la ukuta mmoja. Zile kubwa za safari ndefu nyingi zina bomba mbili, moja ndani ya nyingine, la nje halipati ule moto wenyewe ndio maana linabaki jeupe miaka. Lakini ukiona bluu inashuka chini kuelekea sailensa, au imetokea ghafla kwa pikipiki ambayo haikuwa nayo, hiyo ni injini inakuambia kitu, na ukipiga polishi peke yake itarudi tu.

Mimi huanza na plagi. Ifungue uiangalie ile ncha, ikiwa nyeupe jua petroli inayoingia ni kidogo kuliko hewa, injini inachoma kavu, moto unapanda. Ikiwa hudhurungi iko sawa. Nyeupe sana sana inatoka kwa jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, kuziba na uchafu, au ule mpira unaoshika kabureta na injini umepasuka unavuta hewa pembeni, na huo mpira hapa kwetu kwa jua hili unakauka haraka, uukunje kidogo kwa kidole utaona mipasuko midogo midogo. Halafu gasketi ya ekzosi, ile inayoziba jointi pale bomba linapoungana na injini. Washa injini ikiwa bado baridi, weka mkono karibu na jointi bila kugusa, ukisikia pumzi inakupiga paf paf paf, au ukiona masizi meusi yamezunguka zile nati, inavuja. Na dalili nyingine ni ile ya kupasua ukiachilia mafuta kwenye mteremko, wengine wanaipenda ile sauti, lakini mara nyingi ni hewa inaingia kwa ekzosi na petroli ambayo haikuungua inakuja kuungulia humo ndani ya bomba.

Tapeti pia musizisahau, zile zinazosukuma valvu na ambazo nafasi yake hurekebishwa. Valvu ya kutoa moshi ikikazwa kupita kiasi haifungi vizuri, moto unapita kwenda kwa bomba wakati haufai, na hapo si rangi tu, valvu yenyewe inaungua na hiyo ni pesa nyingine. Taimingi, yaani ule wakati plagi inapopiga cheche, ikichelewa vilevile, petroli inakuwa bado inawaka valvu ikifunguka.

Kisha kuna mambo ya mji wetu wa Mombasa. Foleni ya feri pale Likoni au jam ya Kongowea kuelekea daraja la Nyali, injini inaunguruma imesimama, hakuna upepo wa kupooza bomba, na jua liko juu ya kichwa. Mukisimama muda mrefu zimeni, bwana. Petroli yenyewe ni ghali.

Sasa kusafisha. Bomba liwe baridi kabisa, si vuguvugu, baridi. Lioshe kwa maji na sabuni ya kawaida, likaushe, halafu chukua polishi ya chuma, Brasso au Autosol zote zinafanya kazi, na kitambaa laini cha pamba, fulana kuukuu ni nzuri. Paka kidogo, sugua kwa mzunguko bila nguvu, pangusa, rudia. Umanjano na kahawia vinatoka upesi, zambarau inahitaji subira, bluu iliyokolea inaweza kupungua tu isiishe na hiyo ukubaliane nayo. Ukimaliza pangusa mpaka polishi yote iondoke na usiguse tena kwa vidole, maana mafuta ya mkono yakiungua pale yanaacha alama. Nta nayo weka mwisho huko kwa sailensa, kule mbele inaungua bure.

Ninachowasihi ni hiki. Ile stilwaya ya kuoshea sufuria isiguse kromu, wala msasa. Kromu ya mapambo ni nyembamba mno, kwa kawaida haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, chini yake kuna nikeli halafu ndio chuma. Ukiikwaruza umefungua mlango, na hapa Pwani hewa yenyewe ina chumvi, hasa sisi tunaolala karibu na bahari, kutu inaingia kwenye mikwaruzo na baada ya muda unaona vidoti vya rangi ya chungwa vimetapakaa bomba zima. Bluu haijawahi kutoboa ekzosi ya mtu, kutu inatoboa! Mimi afadhali bomba la bluu zima kuliko jeupe lililokwaruzwa. Vidoti vikishaanza, chukua foili ya jikoni, ilowanishe maji, sugua taratibu, ni laini kuliko kromu na inaondoa kutu bila kuumiza.

Asidi ya choo nayo wako watu wanaipaka. Nyingi zina asidi ya hidrokloriki na hiyo inakula kromu yenyewe, utabaki na bomba limefifia milele. Na kwenye kuosha magari mwambie kijana asimwage maji bomba likiwa moto, na asipangushe na dizeli ati ling'ae, linang'aa siku hiyo tu, kesho imeungulia pale imekuwa madoa ya kahawia. Kitambaa cha kufunga ekzosi pia sikipendi kwa Mombasa, kinashika unyevu na chumvi ndani na bomba linaoza huku hulioni.

Na kama unanunua pikipiki mkononi mwa mtu, iangalie ile kona. Ikiwa imepigwa polishi juzi na kwingine kote ni vumbi, omba uikute injini baridi, iwashwe mbele yako, usikilize jointi kwa mkono kabla ya kuongea bei.