Photoshop imekataa kufungua picha ya dola: si virusi, na fundi wako anakula hela yako

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dizaina hapa Morogoro. Nimepata kazi ya bango la duka la kubadilishia fedha, na mteja anataka dola na euro zionekane. Nimeskani noti ya dola 100 na ya euro 50, lakini Photoshop haifungui. Inaleta ujumbe kwamba haishughulikii picha za noti bila idhini. Fundi alisema ni virusi vimeshika leseni, nikamlipa 40,000 akaniwekea toleo jingine, hali ikawa ileile. Sasa anasema taarifa za kompyuta yangu zimeshakwenda Marekani, na anataka 60,000 azifute. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Hiyo sitini elfu iache mfukoni, na ile arobaini kaidai. Swali hili naulizwa mara kwa mara. Kinachobadilika ni aina ya noti na bei ya "matibabu".

Hakuna kirusi hapo. Tangu toleo la CS, lililotoka mwishoni mwa 2003, Photoshop ina kipande kilichotoka kwa kundi la benki kuu za nchi mbalimbali linalopambana na noti bandia. Adobe walikiweka kimyakimya. Watumiaji wakajigundulia wenyewe Januari 2004, zikapigwa kelele, kampuni ikakiri. Kazi ya kipande hicho ni moja: picha inapofunguliwa hukitafuta kile kilichofichwa ndani ya mchoro wa noti, na kikikiona hufunga mlango. Hakijui wewe ni nani wala bango ni la nani. Benki zenyewe zimeeleza kwamba teknolojia hiyo haina uwezo wa kufuatilia matumizi ya kompyuta ya mtu. Kwa hiyo Marekani hakuna taarifa yako ya kufutwa.

Hadithi ya fundi wako ina mahali ilipookotwa, na nitamtendea haki kidogo. Printa nyingi za leza za rangi huchapa nukta za njano ndogo mno, ambazo macho hayazioni kirahisi. Mwaka 2005 shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani lilizifumbua zile za mashine za Xerox DocuColor: zilibeba namba ya mashine, tarehe na saa ya kuchapa. Lakini hizo ni nukta za printa, na hubaki kwenye karatasi, hazisafiri kwenda popote. Mtu akaisikia habari hiyo nusu, akaibandika kwenye Photoshop, sasa anaiuza.

Habari nusu nyingine iliyoenea ni ya viduara. Mwaka 2002 Markus Kuhn wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akichezea fotokopi ya rangi iliyokataa kunakili euro, alibaini mpangilio wa viduara vitano unaojirudia juu ya noti. Akauita EURion, kwa kuwa ulimkumbusha kundi la nyota la Orion. Ukishajua unachotafuta utauona sehemu nyingi: kwenye pauni 20 ya zamani yenye sura ya mtunzi Edward Elgar, viduara vilijificha kama vichwa vya nota za muziki, na kwenye dola 20 ni sifuri za vile vi-20 vya njano. Mafundi wa mtaani wakadhani Photoshop nayo inasoma viduara hivyo. Mwaka 2004 mtafiti mwingine wa Cambridge, Steven Murdoch, alionyesha kwamba inachotafuta Photoshop ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo anayekupa somo la "futa viduara" hajawahi hata kulijaribu mwenyewe.

Lakini hayo yote ni madogo. Kinachonichosha ni fikra iliyo nyuma ya swali lako, na wala si yako peke yako: kwamba Photoshop ndiyo sheria. Ikikataa, watu wanaona wametenda kosa. Ikikubali, wanaona wamepewa ruhusa. Ndiyo maana mtu akibanwa na ujumbe ule haulizi "naruhusiwa kuchapa nini?" Anauliza "naupitaje?" Sasa nikuulize mimi: kuna programu kibao za picha zisizo na kizuizi hicho kabisa, za bure na halali. Ukiifungua noti humo, umepata kibali cha nani?

Kizuizi ni komeo tu, tena komeo la hovyo. Kinamzuia dizaina wa Morogoro mwenye bango la halali, huku mhalifu mwenye mtambo wa ofseti na sahani zake za kuchapia wala hakimhusu. Sikitetei. Ila sheria iko kwingine, na ipo hata komeo lisipokuwepo.

Tazama wenye noti wanavyosema. Benki Kuu ya Ulaya inaruhusu nakala ya upande mmoja ikiwa urefu na upana vyote ni asilimia 125 au zaidi ya noti halisi, au asilimia 75 au pungufu. Euro 50 ina urefu wa milimita 140, basi kwenye bango lako isipungue 175. Ukiiweka mtandaoni, iwe na neno SPECIMEN (yaani "sampuli") limekatiza mshazari kwa rangi isiyopenyeza, lenye urefu wa angalau robo tatu ya picha, na picha yenyewe isizidi nukta 72 kwa inchi. Wamarekani wanataka picha ya rangi iwe chini ya robo tatu au zaidi ya mara moja na nusu ya noti, upande mmoja tu, na ukimaliza kazi uharibu mafaili na vyote ulivyotumia kuitengeneza. Hilo la mwisho watu wetu hawalijui kabisa. Faili la noti linakaa kwenye flashi miaka mitano, linazunguka steshenari nzima.

Kanuni hizo ni za kwao na wewe uko Morogoro, nakubali. Lakini kwa fedha zao ndicho kipimo cha kuanzia. Baada ya hapo mwambie mteja aandike barua Benki Kuu ya Tanzania, aambatanishe mchoro wa bango, na wewe ubaki na nakala ya majibu. Na usijipe moyo kwamba dola ni ya Marekani hivyo hapa haina mwenyewe. Mkataba wa Geneva wa 1929 dhidi ya noti bandia ulishaweka kanuni kwamba adhabu isibague fedha ya nyumbani na ya kigeni.

Skani yako itupe. Serikali ya Marekani ina tovuti yake ya elimu ya noti, uscurrency.gov, yenye picha zilizoandaliwa kwa matumizi ya umma, na Benki Kuu ya Ulaya nayo ina zake. Au, kama ni kazi yangu, ningechora alama kubwa ya $ na ya € pamoja na ubao wa viwango vya siku. Mpita njia anatafuta bei, hahitaji kumwona Benjamin Franklin ndipo ajue hapo wanabadilisha dola.

Na hilo "toleo jingine" alilokuwekea liondoe leo. Alikuambia uzime antivirasi kwanza, sivyo? Wote husema hivyo. Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea kompyuta yenye kazi za wateja za miaka minne. Kila faili lilikuwa limefungwa na limepewa mkia wa ajabu, na katikati ya kioo barua ya kudai malipo. Aliwekewa Photoshop ya kraki, yaani iliyovunjwa leseni, kwa bei ya chipsi mayai, na hatukuokoa hata nembo moja. Badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine, barua pepe kwanza, halafu uisafishe mashine yote.

Nikiwa hapohapo, niseme na wenye steshenari wengine wanaosoma. Siku hizi wanakuja vijana wanataka "hela za video", "hela za kutunzia harusini", wekundu wa Msimbazi, yaani noti za elfu kumi, mia mbili wa kurusha juu. Hawaonekani wahalifu, na pengine wengi si wahalifu. Sikiliza oda inavyotolewa. Anayetaka mapambo hajali noti ikiwa kubwa kama mkeka au imechapwa upande mmoja tu. Akianza kusisitiza saizi ileile, pande zote mbili, na anauliza kama una karatasi inayolia kama ya noti, hapo ofisini kwako hakuna tena kazi ya harusi. Hata akiwa mkweli, ngoma ikiisha karatasi hizo huokotwa. Usiku huohuo moja inafika kwa mama muuza nyanya mwenye taa ya simu, anarudisha chenji halali elfu tisa na nyanya zake zinaondoka. Polisi wakiifuata ile karatasi hawataanzia kwa Adobe. Wataanzia kwa mwenye printa, na zile nukta za njano nilizozitaja juu zinaweza kuwa zimeshaandika namba ya mashine yako na saa uliyobonyeza.