Muulize Anti: CeraVe yangu inanukia kama pafyumu

*Shikamoo Anti. Mimi niko Mwanza, niliagiza CeraVe ya kuoshea uso kwa dada mmoja anauza Instagram, yeye yuko Dar, ana wafuasi kibao na watu wanamsifia kwenye komenti. Bei elfu 18, huku dukani sijawahi kuiona chini ya 40. Mzigo umekuja na basi, chupa nzuri tu, ila inanukia pafyumu mpaka rafiki yangu kasema hiyo feki. Mimi naona kila kitu kimeandikwa. Niendelee kuipaka?*

Marahaba mwanangu. Acha kwanza, usiipake tena. Hiyo harufu ndo imeniamsha mimi, maana CeraVe hawaweki manukato, wenyewe wanaandika kabisa kwenye chupa kwamba haina, sasa ikinukia kama bibi harusi ujue kuna mtu kajaza chake humo ndani. Halafu geuza chupa usome viambato, utafute ceramide (aina ya mafuta ya ngozi) NP, AP na EOP. Zisipokuwepo kesi imeisha hapo hapo. Zikiwepo bado haijathibitisha kitu, maana lebo inapigwa picha na kuchapishwa upya, anayetengeneza feki anaweza kukopi kila kitu unachokiona kwa macho: rangi, stika, namba ya bachi (ya mkupuo wa kiwandani), mpaka ile hologramu inayong'aa.

Na hapo ndipo wengi tunapoliwa. Tunakazana na boksi wakati boksi ndo kitu rahisi kuliko vyote kuiga. Mtu anakwambia skani barcode, inasoma, basi roho inatulia. Barcode haikwambii hata bidhaa imetengenezwa wapi, zile namba tatu za mwanzo zinaonyesha tu kampuni imesajili namba zake nchi gani (620 ni Tanzania, 616 Kenya), na feki inabeba namba ile ile ya orijino kwa sababu imekopiwa. Zile tovuti za kuangalia bachi nazo zinakusomea tarehe tu, ukiweka namba ya kweli iliyobandikwa kwenye chupa ya uongo itakujibu vizuri kabisa.

Mimi siku hizi nambana muuzaji kabla ya kubana chupa. Namwambia nitumie video sasa hivi, sio picha ya Google, onyesha chupa ile ile utakayonitumia, igeuze chini nione bachi, na kama ina boksi nione namba ya boksi na ya chupa zinafanana (feki nyingi zinachanganya hapo, maboksi yanachapwa kwa mkupuo yana namba moja, chupa zina nyingine au hazina kabisa). Halafu namuuliza unachukulia wapi. Mwenye mzigo wa kweli atakujibu, hata kama ni kwa kifupi, ana risiti ya duka la huko alikonunua au anamjua msambazaji. Wa feki anakuwa mkali, mara "kama huamini acha", mara "DM zimejaa", mara anakublock. Akikwambia ni OG grade A wewe funga mazungumzo, orijino haina grade.

Wafuasi nao wasikubabaishe, wananunuliwa. Na usidhani wenzetu huko mbele wamepona, Marekani ile ofisi ya serikali ya ukaguzi, GAO, ilinunua vitu 47 kwa wauzaji wa mtandaoni, ripoti ikatoka 2018: 20 vilikuwa feki, na vipodozi vya Urban Decay vyote 13 walivyoagiza vilikuwa feki. Vyote! Na wale walinunua kwenye mitandao mikubwa sio kwa dada wa status.

Mimi mwenyewe nilishapigwa lipstick tatu, nikazipaka harusini kwa mdogo wangu, mdomo ukavimba nikala pilau kwa uma kama mzungu. Kwa hiyo sikucheki.

Kuhusu hela yako, tunza chupa, picha, meseji na muamala, mdai kwanza kwa upole. Akikataa peleka kwa Tume ya Ushindani, FCC, wao ndo wanashughulika na bidhaa bandia. Na mara nyingine ukiagiza ukiwa mkoani, tafuta mtu wako Dar aende akaichukue mkononi, aifungue aione ndo alipe.

*Anti mambo, seramu yangu ya vitamini C ilikuwa kama maji sasa imekuwa rangi ya chai. Nimeuziwa feki?*

Poa mamii. Si lazima iwe feki, hiyo imechacha. Vitamini C ya aina ya ascorbic acid ikipata hewa, mwanga na joto inabadilika rangi. Kama imekuja hivyo hivyo, irudishe, huenda ilikaa kwenye stoo ya bati miezi kadhaa. Kama imegeukia kwako dirishani, pole, nunua kichupa kidogo cha rangi nyeusi na ukiweke kivulini.

*Anti, krimu ya kung'arisha niliyouziwa WhatsApp haina viambato, ila imeandikwa isiguse dhahabu wala fedha. Muuzaji anasema imesajiliwa TFDA.*

Itoe usoni leo. Onyo la kutogusa vito ni dalili kubwa ya zebaki, na zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kama una mtoto mchanga anayelala kifuani kwako yeye ndo anaumia zaidi. Hiyo ya TFDA ni kichekesho, vipodozi vilihamia TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na TFDA yenyewe, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, haipo tena, sasa ni TMDA ya dawa na vifaa tiba. Muuzaji hata uongo wake umepitwa na wakati. Funga kopo kwenye mfuko usilimwage chooni, nenda nalo hospitali, mwambie daktari umepaka kwa muda gani aamue kama upimwe mkojo, na taulo na foronya ulizotumia usizichanganye na za mtoto.