Wenzako wamekunyamazia tangu upewe usimamizi? Si lazima iwe wivu

Ndugu uliyeuliza kwa nini wenzako wamebadilika tangu ufanywe msimamizi, ukasema ni wivu, nakuomba hilo neno usilikimbilie. Mimi nililikimbilia, likanigharimu miezi minne.

Nilikuwa karani wa ghala upande wa Nakawa, Kampala, mizigo yetu ikitoka Mombasa kupitia mpaka wa Malaba. Mchana tulikula pamoja posho, yaani ugali, na maharage, sahani magotini, huku tukimsema bosi. Siku ya pili baada ya kufanywa msimamizi nikaenda na sahani yangu palepale chini ya mwembe. Maongezi yakakatika. Mmoja akanipisha kwenye benchi: "Karibu bosi." Huyo tulikuwa tukiitana kwa majina miaka yote. Nikala harakaharaka nikaondoka.

Basi nikakaza. Daftari la mahudhurio likahamia mezani kwangu. Ukifika saa mbili na dakika tano, unakatwa. Hakuna aliyebisha. Ila kontena la futi 40 la mchele, tulilozoea kulimaliza kabla ya chakula, likawa linatufikisha jioni. Kila nisemalo, "sawa bosi". Ukiisikia sana hiyo "sawa bosi", ujue hakuna anayekwambia kitu tena.

Mzee mmoja wa kushusha mizigo akanivuta kando. "Mwanangu, juzi tu na wewe ulikuwa unakwama kwenye taksi pale Bweyogerere. Umesahau lini?"

Hapo nikaelewa. Nilikuwa najua nani anachelewa na kwa nini, nani anatafuta kazi kwingine, nani ana deni. Waliniambia nikiwa mwenzao. Sasa walikuwa wanangoja waone siri zao nitazipeleka wapi, nami kwa lile daftari nilikuwa nimeshawajibu.

Kilichobadilisha mambo ni magunia 11 yaliyopungua. Bosi aliniamuru nimfukuze kijana aliyepokea mzigo, siku hiyohiyo. Nikamwambia tumsikilize kwanza. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mfanyakazi haki hiyo kabla ya kufukuzwa kwa kosa, tena akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Bosi alinuna, akasema nimekuwa wakili wao. Nilitetemeka, sikufichi, maana nina watoto wanaosoma. Lakini tulikaa, kijana akaja na yule mzee. Tulipofungua makaratasi, namba ya sili, ile lakiri ya mlango wa kontena, aliyoiandika kijana wakati wa kupokea haikuwa ile ya kwenye hati. Kontena lilifunguliwa njiani.

Maongezi ya chini ya mwembe hayakurudi kama zamani, na sidhani yatarudi. Hilo linaniuma hadi leo. Ila tangu wiki ile mtu akiwa na mgonjwa nyumbani ananiambia jioni, nami napanga zamu kabla hakujakucha. Daftari nimelirudisha mlangoni, kila mtu anajiandika mwenyewe.