Kumvuta mtoto wa mpira siyo kosa, kosa ni kumvuta kwa siri

Mmeuliza hivi: shule ikimchukua mwanafunzi wa shule nyingine kwasababu anajua mpira, ni kosa? Na shule inayolalamika ipewe ushindi wa mezani, yani pointi za kupewa na kamati bila kushinda uwanjani? La kwanza najibu hapana, siyo kosa. La pili inategemea, ila naomba nafasi nieleze maana hili jambo linanigusa, mi ni mzazi wa hapa Mbagala na jioni nasaidia kufundisha kituo kidogo cha vijana, wengi wao wako sekondari, kwahiyo UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikikaribia tu simu zinaanza, mara mwalimu wa michezo wa shule fulani anauliza yule winga wako wa kushoto anasoma wapi, mara mtu anajitambulisha ni mdau wa mpira anaomba namba ya mzazi.

Kwanza tutenganishe mambo maana watu wanayachanganya yote kwenye kapu moja. Kuna mamluki kabisa, mtu sio mwanafunzi, alishamaliza zamani au anacheza ndondo mtaani, siku ya mechi anavalishwa jezi anapewa na jina la mtoto mwingine. Kuna kijeba, huyu ni mwanafunzi kweli lakini umri umeshushwa. Halafu kuna mtoto aliyehama, katoka shule moja kaenda nyingine kwasababu kule wamemuahidi kitu. Hao wawili wa mwanzo ni udanganyifu, sina mjadala nao, timu ipokwe pointi na mwalimu aliyesaini fomu awajibike. Nchi hii ilishaumia kwa tabia hiyo, Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 kule Gambia wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja tu, nafasi wakapewa Zimbabwe, watoto wengine wote ambao hawakuwa na kosa wakabaki nyumbani. Mwaka 2017 ikageuka, sisi tukaenda Gabon baada ya Kongo Brazzaville kutolewa maana mchezaji wao hakupelekwa kwenye kipimo cha umri. Siku hizi wanapiga picha ya MRI kwenye kifundo cha mkono, cheti cha kuzaliwa cha kupika hakifiki mbali.

Ila huyu wa tatu, aliyehama, ndo swali lenu linamhusu na ndo anayeonewa kila mwaka.

Nendeni mkaangalie mechi za kata siku shule mbili majirani zinakutana. Kabla ya mpira kuanza wachezaji wanapangwa mstari kila mmoja na picha yake mkononi, mwalimu wa upande wa pili anapita mmoja mmoja anahoji. Mwalimu wako wa darasa nani? Uko mkondo gani? Bailojia anawafundisha nani? Nilishuhudia mtoto anaulizwa hivyo, kahamia pale wiki chache tu zilizopita, mwalimu wa darasa akamtaja vizuri, wa Bailojia akakosea jina. Basi uwanja mzima ukalipuka mamluki! mamluki! na wanaoongoza kuimba ni wanafunzi wenzake wa shule aliyotoka, waliokaa naye dawati moja. Mtoto akavua jezi mwenyewe, hakuna aliyemwambia avue, akaikunja akaiweka kwenye benchi akaenda kukaa nyuma ya miti, mechi ikachezwa bila yeye. Kesho yake karatasi za uhamisho zikaletwa, mihuri yote ipo. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyemfuata kumwomba radhi.

Na UMISSETA yenyewe haiishii kwenye shule, mkitoka hapo mnachagua kombaini, timu moja ya wachezaji bora wa shule zote, mnapanda wilaya, mkoa mpaka taifa. Yani yule mliyemwimbia mamluki Jumanne ndo huyo huyo wiki ijayo mnamtaka awafungie magoli kwenye timu ya wilaya, analala chumba kimoja na waliomzomea. Walimu wanalijua hilo kabisa na bado wanawaacha watoto waimbe.

Sasa kwanini mtoto anahama. Shule za serikali ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilifutwa tangu 2016, kwahiyo shule ya serikali haiwezi kumvuta mtoto kwa ada, inamvuta kwa vitu vidogo, viatu vya mpira, sare, chakula cha mchana, nauli. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200 kwenda na 200 kurudi, na anayeunganisha magari mawili inakuwa mara mbili, kuna nyumba hapa kwetu Charambe hiyo hela inajadiliwa kila asubuhi. Shule binafsi ndo wanakuja na ada ya bure. Hivi mzazi kaambiwa mtoto wake atasomeshwa bure kwenye darasa lisilojazana, mi nimwambie akatae eti shule ya jirani itakosa beki wa kati? Siwezi kumwambia mtu kitu kama hicho. Tena angalieni, mtoto akiwa hodari wa hesabu darasa la saba serikali inamchukua inampeleka Kibaha, Ilboru au Mzumbe, shule za vipaji maalumu, nchi nzima inachujwa, na sijawahi kusikia mkuu wa shule akilia kwamba kaibiwa mwanafunzi, wanafanya sherehe. Kipaji cha miguu nacho ni kipaji.

Hili halipo kwetu tu. Marekani kwenye futiboli yao ile ya kuvaa kofia ngumu, ugomvi wa shule za sekondari kuvutana wachezaji ni mkubwa kuliko wetu. Shule ya De La Salle ya Concord, California, ni shule binafsi ya Kikatoliki, ilicheza mechi 151 mfululizo bila kufungwa kuanzia 1992 mpaka 2004 na wapinzani walikuwa wanailaumu kwamba inakusanya wachezaji kutoka kila kona. Walioikatisha ni Bellevue, shule ya umma ya jimbo la Washington, Septemba 2004. Haya, mwaka 2016 ukatoka uchunguzi kuhusu Bellevue hao hao, ukasema kuna wachezaji walitumia anwani za uongo waonekane wanaishi eneo la shule, na kuna ambao ada zao kwenye shule ndogo binafsi zilikuwa zinalipwa kwa mipango ya makocha ili waendelee kuichezea Bellevue. Timu ikafungiwa kucheza mtoano. Mi nikisoma habari hiyo naona kilichowaponza ni anwani ya uongo na hela ya chini ya meza. Wangekuwa na utaratibu wa wazi sijui kama kungekuwa na kesi ya kiasi kile.

Wenzetu Uganda wanafanya waziwazi. St. Mary's Kitende, mwenye shule ni Lawrence Mulindwa ambaye ndo mwenye Vipers, klabu ya ligi kuu ya kule, kila mtu anajua pale mtoto anaingia kwa mpira na anasoma, wapinzani wanaumia uwanjani lakini wanajua wanapambana na nini. Na hapa hapa nyumbani wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walibeba ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF kule Durban mwaka 2023, zawadi ya dola 300,000. Timu kama ile haitokei kwa kusubiri watoto waliopangiwa tu shuleni kwako, kuna mtu aliwatafuta wale mabinti, akawaweka pamoja akawafundisha.

Kwahiyo kuvuta sio tatizo langu. Tatizo langu nimeliona kwa kijana mmoja wa kituo chetu, jina namhifadhia. Alikuwa kidato cha pili shule ya kata, akaja mwalimu wa shule moja binafsi, akakaa na mama yake sebuleni akasema mama usiwe na wasiwasi, huyu atasoma bure mpaka kidato cha nne. Maneno matupu, hakuna karatasi. Mama yule anashona nguo, alilia kwa furaha siku ile. Kijana akacheza, timu ikashinda ikapiga picha na kombe. Muhula uliofuata akaumia goti mazoezini, uwanja una mashimo, mguu ukazama mwili ukageuka. Mwezi mmoja hajacheza, wa pili hajacheza, ikaja barua kutoka kwa mhasibu, nimeishika kwa mkono wangu, ada ya muhula, chakula, usafiri, na chini kabisa wameandika jezi na traksuti. Jezi ile ile aliyowachezea! Mama akaenda kuuliza, yule mwalimu hakupokea simu, mkuu wa shule akasema yeye hana taarifa ya makubaliano yoyote. Kijana akakaa nyumbani muhula mzima huku tunahangaika arudishwe shule ya zamani, na kule nako walimu wa michezo wamenuna, wanamwita msaliti.

Hapo ndo pananiuma. Shule zinafichana ili mpinzani asijue, na siri hiyo hiyo ndo inayomwacha mtoto hana cha kushika mkononi. Uhamisho una njia yake, mkuu wa shule anayotoka anaandika, anayopokea anakubali, ofisi ya elimu inapitisha, na siku hizi rekodi ya mwanafunzi inamfuata na namba yake ya PREM, namba ya kumtambulisha kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani. Kilichobaki ni ahadi yenyewe kuandikwa. Ukurasa mmoja tu: shule inatoa nini, mpaka kidato gani, akiumia inakuwaje, akishuka kiwango inakuwaje, asaini mkuu wa shule na mzazi, sio mwalimu wa michezo peke yake. Na nakala ipelekwe kwa afisa michezo wa wilaya. Shule isiyotaka kusaini, mzazi mwenzangu usimpeleke mtoto hapo, hata wakija na viatu vipya.

Na hawa wadau nao waangaliwe. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya malipo ya mchezaji anapouzwa nje kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23, na Mbagala hii kila mtu anajua Samatta katoka hapa akafika mpaka Aston Villa, kwahiyo kuna watu wazima wanamuona mtoto wa miaka 14 wanaanza kupiga hesabu, wanataka wao ndo waonekane walimlea. Mzazi akiombwa asaini chochote cha usajili wa klabu ndani ya mambo ya shule aulize kwanza, amtafute mtu anayejua.

Kwa shule zinazolalamika nina neno pia. Mmemkalia mtoto miaka miwili, mipira ya mazoezi mitatu yenye viraka, kipindi cha michezo mnakifanyia majaribio ya Kemia, kocha hamna, halafu akiondoka mnasema mmeibiwa. Mkae mjiulize aliondoka kwenda kutafuta nini. Kuna shule za kata hapa Temeke hazina hela kabisa lakini mwalimu anabaki na watoto mpaka saa kumi na mbili jioni, na watoto wale hawahami hata wakiitwa.

Sasa hili la pointi za mezani. Ligi kuu tuliliona msimu wa 2016/17, Simba wakapewa pointi za Kagera Sugar kwa madai ya kadi za njano za mchezaji wa Kagera, baadae wakanyang'anywa, nchi nzima ikawa inabishana makaratasi badala ya mpira. Wale ni watu wazima wana wanasheria. Watoto wa kidato cha tatu wakishinda uwanjani wakaenda kulala mabingwa, wakaamka wanaambiwa wamefungwa na karatasi, wanajifunza nini? Mi naona pointi zikatwe kwa mamluki na kijeba tu. Kwa mtoto aliyehama, orodha ya wachezaji na karatasi zao zibandikwe ofisi ya kata wiki moja kabla, mwenye pingamizi apeleke pale kwa maandishi, kamati ikae na walimu, mtoto asiwepo. Siku ya mechi mwalimu wa timu pinzani asiruhusiwe kumhoji mchezaji hata swali moja, na shule iliyoiona orodha wiki nzima ikanyamaza halafu ikafungwa, rufaa yake isipokelewe.