Maswali ya wasomaji: hasira inayorudi, simu ya usiku na maombi makavu

Barua nyingi za safari hii zinalia kilio kimoja: nimeokoka, naomba, mbona tabia ya zamani haing'oki? Tumejibu tano.

*Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nikikasirika nagomba mpaka majirani wanasikia, kisha nalia na kuwaomba watoto msamaha. Nimeombewa mara nyingi. Wiki moja nakaa vizuri, ya pili narudi palepale. Hii ni roho ya hasira, au mimi sijaokoka sawasawa?*

Asifiwe sana, dada. Machozi yako yanaonyesha dhamiri iko hai, na hilo la kuwaomba watoto msamaha usiliache kamwe, hata ukiona aibu kulirudia. Ila toba yako inafika nyumba ikiwa imeshaungua. Kazi inayokungoja iko nyuma zaidi, nusu saa au saa nzima kabla hujafungua kinywa.

Wamonaki, yaani watawa, wa jangwa la Misri katika karne ya 4 walilichimba sana jambo hili. Mmoja wao, Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, alitaja mawazo manane yanayomwandama mtu: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uvivu wa roho, kutafuta sifa na kiburi. Angalia kwamba aliyaita mawazo. Alifundisha kwamba wazo likibisha hodi, hilo haliko katika uwezo wetu. Lililo katika uwezo wetu ni kulikaribisha likae au kulikataa. Yakobo 1:14-15 inasema tamaa huchukua mimba, ndipo huzaa dhambi. Kati ya mimba na kuzaa pana muda, na vita yako ni ya muda huo.

Kwa mtu mwenye hasira wazo hilo huwa fupi: "Wananidharau." "Humu ndani nafanya kila kitu peke yangu." Mwili nao hutangulia kutoa habari: taya hukaza, shingo hupata joto, sauti hupanda kabla hujagundua. Zitafute dalili zako mwenyewe, maana hazifanani na za jirani yako.

Sasa chukua daftari dogo. Kila siku ichorewe mistari miwili, mmoja juu ya mwingine: wa juu ni wa kuanzia asubuhi hadi mchana, wa chini ni wa mchana hadi usiku. Utaratibu huu uliandikwa na Ignatius wa Loyola, padre mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika mazoezi yake ya kiroho, ambayo Papa aliyaidhinisha mwaka 1548, na Mkristo wa dhehebu lolote anaweza kuufuata. Ukiamka, taja mbele za Mungu kosa moja tu unalotaka kujilinda nalo leo. Baada ya chakula cha mchana kaa dakika 5, upitie saa baada ya saa tangu ulipoamka, na kila ulipogomba weka nukta kwenye mstari wa juu. Usiku fanya vilevile kwenye mstari wa chini. Katikati ya siku, ukianguka, weka mkono kifuani mara moja kama ishara ya kujuta. Hakuna atakayejua maana yake. Kila jioni linganisha mstari na mstari, leo na jana. Mwisho wa wiki linganisha wiki na wiki.

Tuseme ukurasa wako unasoma hivi: Jumatatu, juu nukta 1, chini 5, Jumanne, juu hakuna, chini 4, Jumatano, juu 1, chini 6. Hapo tayari umejifunza jambo ambalo kuombewa mara kumi hakukukuonyesha. Hasira yako ina saa yake. Jiulize jioni kuna nini: njaa, uchovu, kelele, mtu fulani anayeingia nyumbani? Pengine dawa ya kwanza ni kula kitu kidogo na kukaa kimya dakika 10 kabla ya pilikapilika za jioni. Usidhani hiyo ni imani haba. Eliya alipolala chini ya mretemu akitaka kufa (1 Wafalme 19), malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Sauti ya Mungu ilikuja baadaye.

Kisha uwe na neno la kujibu. Evagrius alikusanya maandiko ya kulijibia kila wazo, akifuata mfano wa Bwana Yesu aliyemjibu mjaribu kwa "Imeandikwa". Chagua moja, fupi. Zaburi 141:3 inafaa sana: "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu." Lisome kwa sauti mara 10 kila asubuhi, ukiwa umetulia. Hapa ndipo wengi hukosea: hulitafuta andiko wakati damu imeshachemka, na wakati huo akili huokota kile tu kilichozoeleka. Ukisikia taya linakaza, weka chini ulichoshika mkononi, sema mstari wako kimoyomoyo, na sentensi yako ya kwanza kwa watoto iwe ya sauti ya chini. Hiyo ya kwanza tu. Zinazofuata huiga ya kwanza.

Usiandike makosa sita kwenye daftari moja. Utachoka kabla ya Ijumaa. Na kila unapofungua ukurasa anza kwa kushukuru kwa jambo moja la siku hiyo, la sivyo daftari litageuka hakimu nawe utalikimbia. Wala usingoje siku ambayo hutahisi hasira kabisa. Paulo anasema "Mwe na hasira, ila msitende dhambi" (Waefeso 4:26). Kinachopungua kwanza ni urefu wake: ugomvi wa nusu saa unashuka kuwa wa dakika tano. Shukuru kwa hilo, maana ni badiliko la kweli.

Maombezi yapokee kwa moyo wote. Lakini Timotheo aliambiwa "ujizoeze kupata utauwa" (1 Timotheo 4:7), na mazoezi hakuna anayeweza kumfanyia mwenzake. Hilo halina uhusiano na kama umeokoka sawasawa au la. Ila hasira ikiwa imefika kwenye kuumiza watoto, acha daftari kwanza: mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, na umtafute mshauri.

*Tabia huchukua siku ngapi kubadilika? Nimesikia 21, wengine wanasema 40.*

Maandiko hayatoi hesabu. Utafiti mmoja uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu waliojizoeza jambo dogo kila siku, kama kula tunda au kufanya mazoezi ya mwili. Kwa wastani jambo lilizoeleka baada ya siku 66, lakini tofauti ilikuwa kubwa: kutoka siku 18 hadi 254. Na hayo ni mambo mepesi, wala hayalingani na kuacha dhambi iliyoota mizizi. Kinachotia moyo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yanajengeka. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba, akaondoka tena. Kwa hiyo jiwekee kanuni mapema: ukianguka, tubu saa ileile, na maombi yanayofuata yawe kwa wakati wake wa kawaida na urefu wake wa kawaida. Usijipe adhabu ya kukesha. Adhabu ya namna hiyo huchosha mwili, na uchovu hufungua mlango uleule.

*Shalom. Nina miaka 24. Usiku naangalia picha za ngono kwenye simu. Mwaka huu nimefunga mara nne, siku tatu bila kula wala kunywa. Nikimaliza, hazipiti siku mbili narudi, tena kwa nguvu zaidi. Nakosea wapi?*

Kijana wetu, mtu anayefunga mara nne kwa ajili ya usafi wa moyo si mzembe. Unachokosea ni kufagia nyumba na kuiacha tupu. Katika Mathayo 12:43-45 pepo aliyetoka hurudi akaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, haina mtu, akaingia na wenzake saba. Paulo hamwachi mwizi kwenye "asiibe tena". Anaendelea: afanye kazi kwa mikono yake, apate kumgawia mhitaji (Waefeso 4:28). Kuna cha kuacha, kuna cha kufanya mahali pake, na kuna mtu anayefaidika. Mfungo wako una hicho cha kwanza peke yake.

Anza na simu. Isilale chumbani mwako. Kama ulikuwa unaitumia kukuamsha, tafuta saa ya kengele. Panga saa ya kuizima, tuseme saa 3 usiku, na umkabidhi mtu ukiweza, au uiache chumba kingine ikiwa kwenye chaji. Wengi huruka hatua hii wakiona si ya kiroho, wakabaki kushindana kitandani na kitu kilicho umbali wa mkono. Dakika 20 zilizokuwa za simu sasa zina wenyewe: zaburi moja kwa sauti, majina ya watu watatu unaowaombea, kisha taa izimwe. Ukizinduka usiku wa manane na tamaa, usibishane nayo umelala. Simama, miguu iguse sakafu, na uombe sala fupi ya kale: ukivuta pumzi, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu", ukiitoa, "unirehemu mimi mwenye dhambi". Rudia taratibu mpaka mwili utulie.

Mfungo wa siku tatu bila maji uache. Ni hatari kwa mwili. Tena ukiisha, nafsi iliyonyimwa sana hudai malipo, na wewe unajua inayadai wapi. Wakristo wa kwanza walifunga Jumatano na Ijumaa, na John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, alifuata siku hizohizo, akikaa bila kula hadi kama saa 9 alasiri. Fanya hivyo, ukinywa maji. Saa ya chakula iwe ya maombi, na fedha ya chakula hicho impatie mhitaji, kama Isaya 58:7 inavyotaka. Mfungo mdogo unaorudi kila wiki huufundisha mwili kuambiwa "bado kidogo" na kutii. (Mwenye kisukari, mjamzito, anayetumia dawa au aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula asifunge kula bila kumwuliza daktari. Afunge kitu kingine.)

Mwisho, tafuta mtu mmoja, mwanamume mwenzako, aliyekuzidi katika imani na anayejua kutunza siri, mkutane mara moja kwa wiki. Vikundi vidogo vya Wesley, kwa kanuni za mwaka 1738, viliulizana waziwazi: dhambi gani umetenda tangu tulipokutana, majaribu gani yamekupata, uliokolewaje. Usimwambie tu "niombee, napitia majaribu". Mwambie siku, saa, na ulikuwa wapi. Dhambi hukaa vizuri ndani ya maneno ya jumla.

*Nina miaka 61. Moyo umekauka, naomba bila kuhisi kitu. Niache kwa muda mpaka hamu irudi, nisiwe mnafiki?*

Shikamoo mzee wetu. Usiache. Mnafiki huomba ili aonekane. Anayeomba bila hamu anatii, na utii huo una thamani kubwa mbele za Mungu. Evagrius alieleza habari za mmonaki ambaye adhuhuri huona jua limesimama na siku ina saa 50, akatamani kutoka chumbani mwake. Shauri lake lilikuwa abaki. Ignatius naye anasema wakati wa ukavu usibadili uamuzi uliofanya wakati wa faraja, tena uongeze kidogo: kama ulipanga dakika 20, kaa 21. Dakika hiyo moja huvunja nguvu ya kishawishi cha kukimbia.

Maneno yakikosekana, azima ya Zaburi. Ya 42 itakufundisha kuihoji nafsi yako: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?" Ya 88 huishia gizani bila kufarijiwa, nayo bado ni maombi. Lakini kama zaidi ya wiki mbili usingizi umepotea, chakula hakipiti, au mawazo ya kufa yanakujia, hiyo yaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Ukiwa na mawazo ya kufa, usingoje hata wiki hizo mbili: mwambie mtu wa nyumbani na umwone daktari leo. Dawa na zaburi havigombani.

*Nimekunywa pombe kila siku kwa miaka 11. Leo nimeamua kwa imani kuacha. Nianzie wapi?*

Anzia hospitali, ndugu. Kwa mnywaji wa kila siku, kukata ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, degedege na kuona vitu visivyokuwepo, hasa katika siku nne za mwanzo, na wengine hufa. Daktari anaweza kukupa dawa za kukuvusha siku hizo salama. Nenda na mtu wa nyumbani anayejua uamuzi wako, na chupa zilizobaki zimwagwe na mwingine, si wewe. Saa uliyokuwa ukinywa ipangiwe ibada au kazi pamoja na watu, kuanzia jioni ya kwanza utakayorudi. Na daktari akikuuliza unakunywa kiasi gani kwa siku, usipunguze kwa aibu: kiasi cha dawa atakachokupa kinategemea jibu hilo.